Fundi wa Nyuzi: Mulika tumboni kabla hujatoa hela

*Shikamoo fundi. Napiga solo kwenye bendi ya dansi huku Temeke na gitaa ninalotumia ni la kuazima. Kuna jamaa anauza semiholo used, yani gitaa la umeme lenye tumbo wazi nusu, kichwani imeandikwa Epiphone, ina yale matundu mawili ya herufi f, anasema ni 335 ile ile ya Gibson na anataka laki tisa. Kiongozi wetu wa bendi anasema nisithubutu, eti magitaa yenye tumbo wazi yanapiga yowe jukwaani. Nimsikilize nani?*

Marahaba mdogo wangu. Usimsikilize yeyote, washa tochi ya simu umulike kwenye tundu la f.

Ukiona ukuta wa mbao umesimama katikati ya tumbo, kuanzia shingoni kwenda mkiani, hiyo ni semiholo ya kweli. Ukimulika ukaona mpaka upande wa pili, kutupu kama debe, basi kiongozi wako kasema kweli. Siri ya gitaa hili lote iko kwenye huo ukuta, yani gogo la katikati. Zamani magitaa ya umeme yenye tumbo yalikuwa matupu kabisa ndani, spika ikiongea uso wa gitaa unatetemeka, pikapu, yani ile sumaku ya chini ya nyuzi inayonasa sauti, inaudaka ule mtetemo inaurudisha kwenye spika, spika inautetemesha tena, inazunguka hivyo hivyo mpaka ukumbi mzima unaziba masikio. Mwaka 1958 Gibson, kampuni ikiwa chini ya Ted McCarty, wakatoa ES-335 yenye gogo la maple katikati na pembeni kubaki wazi, uso ukatulia ila sauti ikabaki na ule ubichi wa mbao. Na hata hiyo ukiongeza volyumu sana italia tu, ndo maana gitaa la mpiga blues B.B. King, lile la jina la Lucille ambalo Gibson walitoa mwaka 1980, halina matundu ya f kabisa.

Sasa hiyo ya muuzaji. Epiphone iko mikononi mwa Gibson tangu 1957, na wanatengeneza zenye gogo, kama Dot na Sheraton, na isiyo na gogo, yani Casino, ile waliyokuwa nayo akina Beatles. Kwa mbali zinafanana kama mapacha. Kwahiyo "335 ile ile" ni maneno ya dalali, umbo ndo lile ila kichwa kinasema Epiphone na bei iwe ya Epiphone.

Ukishaliona gogo, geuza gitaa uangalie nyuma ya shingo pale inapoanza kupinda kuwa kichwa. Magitaa ya jamii hii kichwa kimelala kwa nyuma, na hapo hapo mbao imechimbwa kupitisha chuma cha ndani ya shingo, kwahiyo likianguka chali linavunjikia hapo. Pitisha ukucha, ukisikia kamstari au rangi imebadilika, ujue lilishagundishwa. Likigundishwa vizuri linapiga miaka mingi tu, mimi mwenyewe ninalo moja la hivyo, lakini halilipiwi laki tisa. Alafu angalia briji, kile kidaraja kinachobeba nyuzi upande wa mkiani, kama imeshushwa mpaka chini kabisa na bado nyuzi ziko juu, shingo imekaa vibaya, hiyo achana nayo hata akikupunguzia. Mwisho lichomeke kwenye amplifaya, gonga noti ya kila freti, vile vyuma vya kukatisha shingoni, kwenye kila uzi, zungusha visu vyote, yani vile vya volyumu na toni, tikisa jeki, tundu la kuchomekea waya. Likikwaruza tu usiogope, hiyo ni uchafu, ila itumie kumshusha bei.

*Fundi mambo, nipo Mombasa. Semiholo yangu mpya kabisa haikai kwenye tuning, hasa uzi wa G, nikiuvuta kidogo tu unashuka. Alafu nikipiga chini kwenye freti za mwanzo zinakwaruza, na nikienda juu freti ya 12 na kuendelea sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Nataka kununua masikio mapya ya kichwani, yale ya kukazia nyuzi, nichukue ya kampuni gani?*

Poa. Masikio yaache, hela yako utakula na familia. Wewe ukizungusha sikio la G unasikia "tik" flani? Basi uzi umebanwa kwenye nati, kile kipande cheupe nyuzi zinapopita kabla ya kufika kichwani. Kwenye vichwa vya tatu kwa tatu, masikio matatu kila upande, uzi wa G na D zinakata kona zikitoka pale, mfereji ukiwa mwembamba zinang'ang'ania. Legeza uzi, utoe pembeni, chora ule mfereji na penseli ya kawaida ya shule mpaka uwe mweusi, rudisha. Ikigoma, mpe fundi mwenye tupa nyembamba aupanue kidogo sana. Kidogo sana! Akiuchimba kina kirefu, uzi wazi utaanza kukwaruza na itabidi nati mpya, ukifika huko weka ya mfupa.

Hayo mengine ni setapu tu, yani kurekebisha shingo na briji, na gitaa jipya la dukani karibu lote linahitaji setapu. Weka kwanza nyuzi mpya za saizi utakayopiga siku zote, mimi naweka 10 mpaka 46, yani unene kwa elfu za inchi, tune, ndo uanze, kwa mpangilio huu na sio mwingine.

Kwanza shingo. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya 1, na kwa mkono mwingine bonyeza pale shingo inapoingia kwenye tumbo. Tazama freti ya 7, kati ya uzi na freti pawe na upenyo wa kama milimita 0.2, karatasi mbili za daftari hivi. Kama hamna upenyo kabisa shingo imenyooka kupita kiasi na ndo inakupa huo mkwaruzo wa freti za mwanzo, kwahiyo legeza chuma cha ndani robo mzunguko, kinyume na mshale wa saa, tune tena, acha gitaa lipumzike, pima tena. Upenyo ukiwa mkubwa unakaza, na kabla ya kukaza legeza nyuzi. Ikiwa ngumu usilazimishe, chuma kikikatika humo ndani ni msiba.

Ndo uje kwenye briji, freti ya 12 acha milimita 1.5 uzi wa kwanza na milimita 2 wa sita. Ukimaliza hapo ndo unashughulikia hiyo sauti inayopanda. Linganisha noti ya kugusa tu juu ya freti ya 12 na ile ya kubonyeza hapo hapo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kitako cha uzi huo kwenye briji kwa nyuma, kuelekea mkiani, uzi uwe mrefu zaidi. Ikiwa chini, sogeza mbele. Ila na nyuzi zikichakaa zinadanganya, na huko kwenu chumvi ya bahari inazila haraka, kila ukimaliza kupiga zifute kwa kitambaa kikavu.

*Habari fundi, mimi wa Nairobi. Nataka kubadilisha pikapu na waya zote za semiholo yangu, sauti ni nzito mno, haikati. Fundi wa redio ameniambia lazima atoboe mgongo ndio afikie ndani. Ni sawa?*

Chukua gitaa lako leo hii hii urudi nalo nyumbani! Hakuna kutoboa, kila kitu kinapita kwenye tundu la f. Kabla ya kusukuma kisu chochote cha volyumu au toni kiingie ndani, unafunga uzi wa kushonea kwenye shina lake, ule uzi unabaki unaning'inia kwenye tundu lake. Waya mpya unazichomelea zote nje juu ya kadibodi uliyoitoboa kwa vipimo vya gitaa, unazijaribu zikiwa nje, ndo unazivuta ndani kwa zile nyuzi. Mara yangu ya kwanza sikufunga uzi, nikasema macho ninayo, nilikaa tangu asubuhi mpaka magharibi nikivua volyumu kwa waya wa kuanikia nguo kama navua samaki, na nati moja ya kufungia volyumu ilibaki humo humo ikilia kachakacha wiki nzima.

Pima pia matundu kabla hujaagiza. Magitaa mengi ya Asia yametobolewa kwa volyumu za shina la milimita 8 hivi na za Kimarekani zinataka 9.5, ikibidi kupanua tumia tupa ya mkono, sio drili, uso ni mbao za kubandikwa unachanika.

Ila ngoja. Uzito wa sauti sio lazima uwe pikapu. Shusha ile ya shingoni mpaka iwe mbali na nyuzi, pandisha skrubu zake za upande wa nyuzi nyembamba, sikiliza. Kama inafifia zaidi ukipunguza volyumu, hamisha waya wa kapasita ya toni kutoka mguu wa kuingilia wa volyumu uweke mguu wa kutokea, walivyokuwa wanafunga miaka ya 50, na hakikisha volyumu ni za 500k, yani kilo-ohm 500. Hiyo ni kazi ya bei ya chai na maandazi. Bado haikati? Haya, nunua pikapu.

*Bwana asifiwe fundi. Kanisani kwetu Mwanza gitaa la semiholo linalia kila nikikaa karibu na spika, na hakuna pengine pa kukaa.*

Amina. Kata sponji ya godoro, ziba matundu yote mawili kwa ndani kidogo, na geuka ubavu usiitazame spika uso kwa uso. Ibada ikiisha toa sponji, inatunza unyevu.