Riba ya 10% ya shoruma si lazima iwe nafuu kuliko 14% ya benki

Ndugu, kabla ya kulinganisha mkopo wa gari wa 10% wa shoruma na wa 14% wa benki, uliza kila riba inapigwaje. Ya shoruma huenda ni flati: inakokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata ukishalipa nusu.

Chukua milioni 2 kwa miezi 48. Flati 10% ni riba ya 800,000, yaani 58,333 kwa mwezi. Benki ya 14% kwa salio linalopungua (riba juu ya deni lililobaki tu) inakutoza kama 54,650 kwa mwezi. Hiyo flati ni sawa na takriban 17.6% ya salio linalopungua! Kwa miaka minne unapoteza karibu 177,000.

Omba ratiba ya malipo iliyoandikwa, yenye ada ya kushughulikia mkopo, bima kubwa na kifaa cha kufuatilia gari. Vikiongezwa ndani ya mkopo, navyo vinazaa riba. Uliza pia utadaiwa kiasi gani ukitaka kumaliza mkopo mapema, mwezi wa 24. Hapo wengi hukwama.

Na bei ya gari ipatane kwanza, kama mnunuzi wa taslimu. Mkopo uzungumzwe baadaye, maana punguzo la riba mara nyingi hufidiwa kwenye bei.