Zitaje Tarehe Zako Kabla ya Kupokea Nafasi

Hapa Mwanza sijapata kufanya kazi na mwigizaji wa jukwaani anayeishi kwa jukwaa peke yake. Yule anayebeba mhusika mkuu jioni za katikati ya wiki ndiye anayesherehesha harusi Jumamosi, ndiye anayeimba besi katika kwaya ya kanisa lake, na huenda wiki ijayo akaitwa kurekodi tangazo la redio au kusafiri na kikundi kinachoelimisha wavuvi kuhusu kichocho. Nimeigiza na kusimamia mazoezi katika mazingira haya kwa muda mrefu, na ninalotaka kuwaambia vijana wanaoingia katika fani hii ni kwamba wingi wa kazi haujavunja mchezo wowote niliokuwamo. Kinachovunja mchezo ni tarehe ambayo mwongozaji anaijua siku ile ile inapofika.

Nchini Uingereza, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, zilikuwapo kampuni zilizocheza mchezo mmoja kila usiku, na mchana zikafanya mazoezi ya mchezo wa wiki iliyofuata. Waigizaji wake walichoka sana, lakini kazi zote mbili zilikuwa za mwajiri mmoja na zilipangwa katika ratiba moja. Sisi tuna waajiri wanne au watano wasiofahamiana, na mtu pekee anayeziona ratiba zote kwa pamoja ni mwigizaji mwenyewe. Ndiyo maana mzigo wa kuzitaja unamwangukia yeye, hata kama anafanya kazi na mwongozaji mwenye huruma kiasi gani.

Kabla ya kukubali nafasi, kaa na kalenda uandike kila ulichoahidi. Waigizaji wengi huandika siku za maonyesho tu na kusahau mazoezi yanayoyatangulia, safari ya kwenda na kurudi, na asubuhi ya kupumzika baada ya usiku mrefu. Kwaya itaimba siku moja ya Pasaka, lakini mazoezi yake yatakula jioni nyingi za Kwaresima. Onyesho la saa moja kule Nansio litakula siku nzima kwa sababu ya kivuko cha Ukerewe, na si busara kumwahidi mwongozaji kwamba utakuwapo mazoezini Nyamagana jioni ya siku hiyo. Kwa upande wa Sengerema mambo yamekuwa mepesi zaidi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, maana foleni ya kivuko ilikuwa haitabiriki kabisa, lakini barabara bado inataka muda wake.

Jambo linalonitia moyo ni kwamba kazi nyingi za ukanda wetu zina majira, na mwenye kuyafahamu anaweza kuona mgongano miezi kadhaa kabla. Washereheshaji hupumzika kwa kiasi kikubwa wakati wa Kwaresima na Ramadhani, kwa kuwa harusi hupungua, hivyo mchezo wenye washereheshaji wawili au watatu hupata nafasi nzuri ya mazoezi katika vipindi hivyo, mradi mazoezi ya Ramadhani yamalizike mapema ili waliofunga wawahi kufuturu. Msabato hatakuja kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, na hilo si udhuru wa kujadiliwa kila wiki. Liandikwe mara moja na liheshimiwe hadi mwisho. Mcheza ngoma wa Kisukuma huwa na kazi nyingi baada ya mavuno, na kama yumo katika maandalizi ya Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma kule Bujora, Kisesa, mwongozaji ajue kwamba sikukuu hiyo huambatana na sherehe ya Ekaristi Takatifu, kwa kawaida mwezi Juni, na tarehe yake huhama kila mwaka pamoja na Pasaka. Mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, si mchezo wa pembeni kwa anayeyashiriki. Atajiandaa kwa moyo wote, na atarudi kwenu miguu ikiwa imechoka.

Hata kazi za mialoni, yaani kwenye fukwe wavuvi wanakoshusha samaki, zina kalenda yake, ingawa wengi hawaitambui. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu wengi wao hubaki nchi kavu. Kikundi cha uhamasishaji kinachotaka watu wa kutosha kwenye mwalo huchagua siku hizo za mbalamwezi. Mwigizaji mwenye mkataba wa aina hiyo anaweza kutazama kalenda ya mwezi na kumwambia mwongozaji mapema ni wiki zipi zina uwezekano wa kuguswa, hata kabla hajapewa tarehe kamili.

Unapozitaja tarehe, zitaje kwa maneno yaliyonyooka. Inatosha kusema, "Shikamoo mwalimu. Jumamosi ya tatu ya mwezi wa sita nina harusi Nyakato na nimeshapokea malipo ya awali. Jumapili yake nitakuja, lakini sauti itakuwa imechoka." Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kuliko waigizaji wanavyodhani. Mtu aliyeshika kipaza sauti hadi usiku wa manane hafai kupewa onyesho la kugombana au kuimba asubuhi inayofuata, na mwongozaji akilijua hilo atampangia kazi ya mienendo au ya kukaa na muswada. Mwenyewe atumie saa hizo kunywa maji na kunyamaza, tena kunyamaza kwa kweli, kwa maana kunong'ona nako huchosha koo. Kwa anayeingia kwenye filamu naongeza swali moja la kuuliza siku ya kwanza: nywele na ndevu zitabaki zilivyo? Ukinyolewa kwa ajili ya kamera wiki mbili kabla ya kucheza mzee wa ukoo jukwaani, umewapa watu wa mavazi na urembo tatizo ambalo swali moja lingelizuia.

Kwa msimamizi wa mazoezi, kazi huanza pale tarehe zinapokusanyika. Chora jedwali lenye maonyesho yote ya tamthilia, yaani sehemu zake moja moja, upande mmoja na wahusika upande mwingine, kisha uweke alama pale kila mhusika anapokuwapo jukwaani. Ukiliweka jedwali hilo kando ya tarehe za watu, utaona mara moja kwamba siku mfalme hayupo unaweza kufanya maonyesho yote ya wanawake wa kisimani bila mtu kukaa bure. Anayekosekana asomewe mistari yake na mtu mwingine, isipokuwa penye mapigano, kubebana au kuanguka. Hapo subirini mwenyewe arudi, kwa sababu mwili uliozoea uzito wa mtu mmoja unaweza kuumizwa na mwingine. Mienendo iliyobadilishwa iandikwe kwa penseli siku hiyo hiyo, na aliyekosa afike kabla ya wenzake ili aelekezwe pembeni. Kumfundisha katikati ya mazoezi ni kuwaibia muda wale waliowahi.

Kukariri matini mbili kwa wakati mmoja kunawezekana, lakini usizisome katika kikao kimoja. Tenga asubuhi kwa moja na jioni kwa nyingine. Rekodi kwenye simu maneno ya wenzako, ukiacha ukimya penye mistari yako, kisha usikilize ndani ya daladala kutoka Buhongwa hadi mjini huku ukiyajibu kimoyomoyo.

Limebaki suala la fedha, na hapa nina msimamo. Simlaumu mwigizaji anayechagua harusi yenye malipo badala ya mazoezi yasiyo na posho, ikiwa alisema mapema, kwa sababu ana kodi ya nyumba na ada za watoto. Ninawalaumu viongozi wa vikundi wanaodai utii wa saa zote bila kueleza ni kiasi gani kitalipwa na lini. Kiongozi atangaze posho siku ya kugawa nafasi, hata kama ni ndogo, na apange saa zisizobadilika, kwa mfano Jumatatu hadi Alhamisi kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, ili waigizaji waweze kuahidi saa zinazobaki kwingine bila wasiwasi. Kwa upande wa waigizaji, wiki ya mwisho kabla ya onyesho iachwe wazi na kila mtu, kuanzia mhusika mkuu hadi mpiga ngoma, maana ndipo taa, mavazi na muziki vinapokutana na miili kwa mara ya kwanza. Ambaye kalenda yake inaigusa wiki hiyo aikatae nafasi siku anapoitiwa, na kiongozi amshukuru kwa kusema, kisha amwite tena katika mchezo unaofuata.