Usilipe hata senti kabla ya barua ya kuanza kazi

Mleta uzi, simamisha hayo malipo. Umeandika kwamba shirika lenu limechaguliwa kupata ruzuku ya jimbo ya kuanzisha baiskeli za kukodisha mjini kwenu, barua ya pongezi mnayo, na Ijumaa mnampelekea muuzaji nusu ya bei ili asiwape wengine nafasi yenu. Ukauliza kuhusu bima, kuhusu vituo vya kufungia baiskeli, na kama kulipa nusu ni kawaida. Nilipofika kwenye hiyo Ijumaa niliacha chakula mezani.

Barua ya pongezi si ruhusa ya kutumia hela. Sisi somo hilo lilitugharimu dola 31,000.

Tulikuwa Wakongo, Warundi na Wakenya wachache katika mji mmoja wa katikati ya Marekani. Watu wetu wengi wanatoka zamu usiku wa manane kwenye maghala, na basi la mwisho linapita saa nne. Tukasajili shirika lisilo la faida, tukaomba fedha za Transportation Alternatives. Hizo ni fedha za serikali kuu zinazopitia idara ya usafiri ya jimbo. Kwa kawaida wao wanabeba asilimia 80, ninyi mnatafuta 20. Tangu sheria ya miundombinu ya 2021, mashirika kama yetu yanaweza kuziomba yenyewe. Tulipochaguliwa tulipiga vigelegele mpaka jirani Mmarekani akaja kuuliza nani anaolewa.

Mtu tuliyemlipa atuandikie maombi akatuambia kwenye simu: "Hiyo hela ni yenu tayari. Agizeni mapema, kiangazi kisiwapite." Hasira yangu kwake haijaisha. Kuandika maombi alijua, ila taratibu za kutumia ruzuku hakuzijua, na hakutuambia kwamba hazijui. Akachukua chake akaenda. Kama na ninyi mna mtaalamu anayewahimiza mlipe haraka, mwambieni awaonyeshe kifungu cha mkataba kinachoruhusu. Asiwape maneno ya mdomoni.

Utaratibu wenyewe ni huu. Fedha hizi hampewi mkononi. Mnatumia za kwenu kwanza, mnapeleka ankara na uthibitisho wa malipo, ndipo jimbo linawarudishia sehemu yake. Na linarudisha gharama zilizoanza baada ya idhini tu. Kwanza inakuja barua ya pongezi, halafu mkataba, halafu idhini ya serikali kuu, halafu barua inayosema anzeni kazi. Kwetu sisi, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ilikuwa Aprili mpaka Agosti. Sisi tulilipa Mei.

Nakumbuka tulivyokwenda kudai. Afisa alikuwa mama mpole tu. Aliweka karatasi mbili sambamba mezani, ankara yetu na barua ya kuanza kazi, akagusa tarehe ya kwanza kwa ncha ya kalamu, kisha ya pili. 14 Mei. 2 Agosti. Hakuongeza neno. Mweka hazina wetu, mama aliyekuwa ameweka humo hela yake yote ya kurudishiwa kodi, aliuliza mara mbili kama nusu tuliyolipa Septemba angalau itahesabiwa. Haikuhesabiwa, kwa sababu tulifungamana na muuzaji tangu Mei, tena bila kupata bei za wauzaji wengine kushindanisha, na hilo nalo ni kosa. Baiskeli zilifika. Zilijaa ghorofa ya chini ya kanisa, mpya, plastiki bado kwenye pedali, na sisi tunadaiwa. Watu watano walichukua mikopo kwa majina yao. Mmoja bado analipa.

Usidanganywe na muuzaji kwamba nafasi kiwandani itafungwa. Ikifungwa, itafunguliwa nyingine. Tarehe ya ankara ikishaandikwa haifutiki.

Kama ruzuku yenu ni fedha za jimbo peke yake, masharti yanaweza kuwa tofauti, tena pengine mepesi. Fungua mkataba utafute neno moja: tarehe ya kuanza kwa gharama zinazokubalika. Kama mkataba bado hamjausaini, jibu umeshalipata: hakuna kulipa. Na msiweke mshahara wa fundi kwenye hesabu ya fedha za Transportation Alternatives. Zinanunua baiskeli na vituo, hazilipi uendeshaji wa kila siku. Huduma ya baiskeli za kukodisha ya jiji la Denver, iliyoitwa Denver B-cycle na kuendeshwa na shirika lisilo la faida kama lenu, ilianza 2010 ikafungwa Januari 2020, kwa hiyo hela ya kuendesha itafuteni mapema.

Leo hii, kabla hujalala, mwandikie afisa wa ruzuku wa jimbo barua pepe: "Je, tunaruhusiwa kusaini oda na kulipa malipo ya awali kuanzia tarehe gani?" Usipige simu, andika, ili jibu libaki kwenye karatasi. Muuzaji mwambie mnasubiri ruhusa ya jimbo. Anayefanya biashara na mashirika analielewa hilo. Jibu likija libandike hapa, ficha majina, tulisome pamoja kabla ya Ijumaa.