Muulize Shangazi: Bibi katumiwa mafuvu mawili

Shangazi, salaam. Mimi ni bibi wa wajukuu saba, naishi Pangani. Mwezi uliopita nilikwenda harusini Tanga mjini, nikapigwa picha nimevaa kanga mpya na miwani ya jua ya bwana harusi, nikaituma kwenye kundi la familia. Mjukuu wangu anayesoma chuo Dodoma akanijibu: "Bibi 💀💀😭". Mafuvu mawili na mtu analia! Nilimpigia mama yake saa 6 usiku kumuuliza nani kafa. Mpaka leo nina kinyongo na mtoto huyu. Katukana, au kanitabiria?
— Bibi wa Pangani

Shikamoo bibi yangu. Pole sana kwa usiku ule. Hakuna aliyekufa, na hujatukanwa. Mjukuu wako amecheka, tena kwa furaha ya kukuona na miwani ya bwana harusi.

Kwa vijana, fuvu ni "nimekufa kwa kicheko". Nina hakika wewe mwenyewe umewahi kusema "mbavu sina" na mbavu zako zote zipo. Ni msemo wa aina ile ile, ila huu umechorwa. Uso unaobubujikwa machozi ukikaa jirani na fuvu, hayo machozi ni ya kicheko. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya 😂, uso ambao mwaka 2015 kamusi za Oxford ziliuchagua kuwa neno la mwaka. Sisi watu wazima bado tunautumia kila siku, na vijana wengi wameuacha kwa sababu hiyo hiyo: wanauona ni wa wazazi wao.

Mimi mambo haya nilifundishwa na kanga kabla sijashika simu. Nimekulia Ngamiani, kwa bibi yangu mzaa baba. Alikuwa na doti moja yenye jina "Wema hauozi". Akienda nayo kwenye msiba, ilikuwa kumliwaza mfiwa aliyewahi kumtendea mema. Siku moja jirani alikopa mchele, miezi ikapita kimya. Bibi akaifua kanga ile ile, akaianika kwenye kamba ya uani, akaivuta pindo kwa vidole mpaka jina likanyooka na kuelekea mlango wa jirani. Hakuna herufi iliyobadilika. Mchele ulirudi kabla ya adhuhuri.

Emoji nazo zinataka kusomwa hivyo: nani katuma, kwa nani, baada ya neno gani, na imefuatana na nini. Neno lenyewe ni la Kijapani, e ni picha na moji ni herufi. Mwaka 1999 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilitoa picha 176 alizobuni Shigetaka Kurita, kila moja imejengwa kwa vidoti 12 kwa 12. Mwaka 2010 emoji ziliingizwa rasmi kwenye Unicode, utaratibu wa pamoja wa herufi za kompyuta, ndipo simu za makampuni mbalimbali zikaanza kuelewana. Unicode huipa picha jina na namba. Haiwapangii vijana waitumieje.

Likizo ya Desemba nilimkalisha barazani binti wa kaka yangu, ana miaka 17, nikamwambia nifundishe. Akanichorea kwenye simu yake moja moja. 👉👈 ni haya, vidole viwili vinagusana kama mtoto anayetaka kuomba hela ya ada akiwa ameinamisha kichwa. 👁👄👁 ni "nimeona, nimeduwaa, sina la kusema". ☕ ni umbea, ule ambao Dar wanauita ubuyu. Akikuandikia "nina ☕" usiweke maji jikoni, vuta kiti. 🧢 ni uongo, kamba. Nikamuuliza kofia na uongo vimekutana wapi, akasema ni msemo wa Wamarekani, wao wameupokea ulivyo.

Halafu akanyamaza kidogo, akasema: "Shangazi, na wewe ile 👍 usinitumie. Nikiiona najua umekasirika." Miaka yote nimekuwa nikimtumia dole gumba kumjibu "sawa mwanangu". Aliniambia juzi tu kwamba kuna siku alifaulu mtihani, akanitumia matokeo nikiwa kazini, nikamrudishia dole gumba moja, akalia. Liliniingia sana. Siku hizi naandika maneno, hata matatu: "Hongera sana mwanangu."

Kwa hiyo, bibi yangu, kinyongo kitoe. Mtumie mjukuu fuvu moja leo jioni, bila neno lolote. Atakupigia mwenyewe.

*

Shangazi, mimi ni mwalimu wa Fizikia, Singida. Kwenye kundi la Kidato cha Nne nilituma majibu ya mtihani wa majaribio pamoja na maelezo ya kila swali. Mwanafunzi mmoja akaandika: "Mwalimu 🐐🔥🔥". Wenzake wakaongeza mbuzi wengine, nimehesabu tisa. Nataka kumpeleka kwa mwalimu wa nidhamu.
— Mwalimu, Singida

Mwalimu wangu, tafadhali usimpeleke. Amekusifu, sifa kubwa kuliko zote alizonazo.

Kwetu kumwita mtu mbuzi ni kumwambia hana akili, naelewa kilichokuchoma. Huyu mbuzi lakini ametoka kwenye Kiingereza: ukichukua herufi za mwanzo za maneno yao manne yenye maana ya "bora kuliko wote wa nyakati zote", unapata neno lao la mbuzi. Muhammad Ali alijiita mkubwa kuliko wote, na mwaka 1992 mkewe aliandikisha kampuni kwa jina hilo. Leo mashabiki wa Messi na wa Ronaldo wanagombania mbuzi huyo usiku kucha. Moto nao ni "umewasha", kazi imekolea.

Mbuzi tisa kwa maelezo ya Fizikia! Wanafunzi wako wanakupenda. Ila waambie darasani, kwa upole, kwamba mtu mzima wa Kiswahili akiona mbuzi huona tusi, ili kesho wasimtumie babu.

*

Shangazi, nina kijana wa miaka 16. Simu yake ilikuwa mezani, ujumbe ukaingia: "🔌🍃💨 saa 10". Sijamuuliza kitu. Mama yake anasema ni majani ya chai. Mimi sina amani.
— Baba, Kigamboni

Kaka yangu, nakujibu bila kukuficha. Zikiwa tatu pamoja, tena na saa ya kukutana, nami nisingekuwa na amani. Plagi, kwa lugha ya mtaani ya Marekani, ni mtu anayekuunganisha na mzigo. Jani hata kwa Kiswahili chetu, "majani" ni bangi tangu zamani. Na hiyo ya mwisho inasomeka kama moshi.

Mwaka 2021 shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, DEA, liliwatolea wazazi karatasi ya emoji zinazotumiwa na wauzaji. Plagi imo, na theluji ❄️ kwa kokeini. Wao wenyewe walionya kwamba emoji peke yake si ushahidi. Iangaliwe pamoja na mabadiliko ya tabia. Plagi ikija peke yake, huenda mtoto anaomba chaja. Kwa hiyo angalia mengine: nauli inaisha Jumatano wakati zamani ilifika Ijumaa? Anafua shati lake mwenyewe usiku? Marafiki wa zamani wameacha kuja?

Nikiwa hapo hapo kwenye simu za watoto, niseme na hili, kwa sababu barua za aina hii zinanijia na zinaniuma: mtu mzima akimtumia mtoto 🍆 na 🍑, haongelei bilinganya wala tunda. Anazungumzia sehemu za siri. Usifute ujumbe huo, uhifadhi, na upige 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kuhusu kijana wako, usimkabili usiku, na usimpokonye simu kwanza. Ukiipokonya atapata nyingine, na hutaona tena ujumbe wowote. Jumapili asubuhi mwambie akusindikize Kivukoni. Kwenye pantoni mtakaa bega kwa bega mnatazama maji, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Mwambie ulichokiona, zile picha tatu na ile saa 10, kisha muulize: "Hii inasomwaje, mwanangu?" Halafu nyamaza, hata pantoni ikifika ng'ambo hajajibu. Kama hajajibu, rudini nayo.

Niandikie akishasema.