Nilivyoharibu taa mbili za gari kabla ya kuiweza ya tatu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro alinitumia picha ya taa ya mbele ya gari lake ikiwa imelazwa juu ya meza ya chakula, kioo kimepasuka kutoka pembeni hadi katikati, na bisibisi bado imechomekwa kwenye ufa. Chini ya picha aliandika maneno machache tu: "Kaka, nilifuata kila hatua ya kuifungua, sasa nifanyeje?" Nilimjibu kwamba atafute taa nyingine, kwa kuwa kioo hicho cha plastiki kikishapasuka namna hiyo hakuna gundi ya kukirudisha. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilinikera mwenyewe kwa ufupi wake, kwani katika kazi hii ya kufungua taa inayoingiza maji na kuifunga upya, mimi nimeharibu taa mbili kabla ya kuiweza ya tatu, na wakati huo hakuna aliyenionya.

Gari langu ni Toyota ist ya 2004, na kisa chenyewe kilianza katika masika ya 2021. Taa ya kulia ilianza na ukungu wa asubuhi, kisha matone, na ilipofika mwezi wa Mei maji yalikuwa yamejaa chini kiasi cha kuchezacheza kila nilipokanyaga breki, hata mwanangu akauliza kama tumeamua kufuga samaki. Niliipeleka kwa fundi, ambaye kwa shilingi elfu 15 alichukua drili akatoboa tundu chini ya taa ili maji yapate njia. Maji yalipata njia kweli, ila vumbi la Kimara nalo liliiona njia hiyo hiyo, na baada ya wiki chache buibui akahamia. Nilipomrudia fundi aliniambia mbele ya wateja wengine kwamba gari langu limezeeka na nisimsumbue. Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo, na nakiri kwamba nilijifunza kazi hii kwa hasira zaidi kuliko kwa kubana matumizi.

Jambo ambalo fundi yule hakulijua, au hakujali kulijua, ni kwamba taa hupumua. Balbu ya aina ya H4 hula wati 55 kwenye dimu, yaani mwanga wa chini, na wati 60 kwenye fuli, ule wa mbali, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hugeuka joto. Hewa ya ndani hutanuka na kutoka, kisha taa ikizimwa au ikipigwa na mvua ya ghafla, hewa hupoa, hunywea na kuvuta ndani chochote kilicho karibu. Ndiyo maana watengenezaji huweka nyuma ya taa vipumulio, ambavyo huwa ni kibomba cha raba kilichopinda au kiraka chembamba kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Kuna watu huviziba kwa silikoni wakidhani wamegundua mahali panapovuja, na kwa kufanya hivyo huufungia unyevu ndani. Ukungu mwepesi unaotoweka taa ikiwaka kwa muda si ugonjwa. Matone yanayokaa siku nzima ndiyo ugonjwa, na kabla ya kuilaumu gundi inayoshika kioo kwenye mwili wa taa kagua ile raba inayofunika nyuma ya balbu, kwa sababu ikichanika au ikirudishwa vibaya baada ya kubadilisha balbu, maji huingia hapo hapo na hakuna haja ya kufungua chochote. Wala usifungue taa kwa sababu kioo kimekuwa cha njano. Unjano wa jua uko upande wa nje, na dawa yake ni msasa wa maji, polishi na subira.

Kutoa bampa na shoo, ile grili ya mbele, sitakueleza, kwani kila gari lina skrubu zake na klipu zake. Nianzie kwenye oveni.

Mke wangu huoka keki za oda, na Jumamosi moja alipokwenda sokoni niliiingiza taa ndani ya oveni yake baada ya kutoa balbu na skrubu zote. Nilijua kwamba gundi ile inayoshika kioo, iitwayo butili, hulainika kwa joto, nami kwa haraka zangu nikaona kwamba joto likiwa kubwa kazi itakwisha mapema, nikaweka nyuzi 150. Plastiki ya vioo hivi ni polikaboneti, na hiyo huanza kupoteza ugumu wake karibu na nyuzi 147. Kioo kililegea na kujikunja pembeni, na harufu ilikaa jikoni siku mbili. Oda moja ya keki ilifutwa. Habari ya nyumbani kwa siku hizo nitaiacha ilivyo.

Nilinunua taa ya mtumba Ilala, nayo ikawa na gundi iliyochoka vilevile. Safari hii niliweka nyuzi 95 kwa dakika 10, nikaanzia kwenye kona kwa kipande cha plastiki bapa badala ya bisibisi, na kila gundi ilipokaza niliirudisha kwenye joto kwa dakika chache. Ilifunguka kama mfuniko wa kopo, nami nikajivuna na kumtumia shemeji picha. Kosa lilikuja wakati wa kufunga. Nilinunua silikoni ya madirisha, ile yenye harufu kali ya siki, nikapaka kwa ukarimu na kufunga. Harufu ile ni asidi inayotoka silikoni inapokauka, na ndani ya taa iliyofungwa haina pa kwenda isipokuwa kwenye riflekta, ile sehemu ya ndani inayorudisha mwanga mbele, ambayo mng'ao wake ni utando mwembamba mno wa alumini. Baada ya miezi miwili riflekta ilikuwa imefifia kama sufuria la zamani, na mwanga haukufika popote. Nilipotaka kuifungua tena nikakuta silikoni hailainiki kwa joto kama butili. Taa ya pili ikaenda jalalani, na shemeji bado anaulizia picha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, gundi ndiyo kazi yenyewe. Kwa taa ya tatu, ya mtumba pia, nilikwangua gundi ya zamani yote kutoka kwenye mfereji ambamo kioo hukaa, nikasubiri nipate kamba ya butili, nikailaza mfululizo bila kuacha pengo, nikapasha taa nzima tena kwa nyuzi 95, nikaibana kwa vibanio mpaka ikapoa. Sikugusa riflekta kwa kidole wala kitambaa, na wewe usiiguse, hata ukiona vumbi. Pulizia hewa tu. Usiguse. Watu wetu wanapenda kufuta, na mafundi wetu wanapenda kutoboa, na haraka hii ya kutaka gari litoke leo hii ndiyo inayotufanya tununue spea ile ile mara tatu. Kama gari lako ni jipya zaidi na gundi yake haionyeshi dalili ya kulainika kwa joto hilo, acha hapo. Taa nyingine hufungwa kwa gundi ngumu ambayo itavunjika pamoja na kioo.

Ukisharudisha taa, simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, washa dimu na uhakikishe ukingo wa juu wa mwanga umeshuka kama sentimita 10 chini ya usawa wa balbu, usije ukawapofusha wanaokuja mbele yako.

Taa yangu imepita masika na vuli bila tone. Kijana wa Morogoro bado anayo taa ya kushoto, ambayo anasema nayo ina ukungu. Nimemwandikia jana usiku kwamba asiifungue mpaka aitazame ile raba ya nyuma ya balbu, na asubuhi hii amenijibu kwa picha: imechanika.