Samaki wako wawili ni mmoja

Mwanangu Zuhura,

Baada ya salamu, picha zako nimezipata. Umeuliza majina ya samaki wawili uliowaona kwenye matumbawe: yule mkubwa wa milia ya njano na buluu, na yule mdogo wa buluu iliyokolea mwenye maduara meupe. Jina ni moja tu. Wote ni kitatange, kitaalamu Pomacanthus imperator. Mmoja mtu mzima, mwenzake mtoto.

Wala hukuwa peke yako kuwatenganisha. Bloch, mtaalamu wa samaki wa Kijerumani, alimpa mkubwa jina mwaka 1787, na mtoto naye akaja kupewa lake mbali, nicobariensis, utadhani hawajuani.

Mimi naanza na shavu, rangi baadaye. Kuza picha: pembeni mwa kifuniko cha matamvua pana mwiba mnene unaoelekea nyuma. Wale vitatange wa jamii nyingine, Chaetodontidae, hawana mwiba huo, hata wawe na rangi nzuri vipi. Kisha milia. Ya huyu imelala, inatoka nyuma ya kichwa kwenda mkiani. Ingekuwa imesimama, ya rangi ya machungwa na nyeupe yenye kingo za buluu, ningekwambia ni samaki mwingine, Pygoplites diacanthus. Tena mtazame usoni: utepe mweusi umepita machoni, ukatariziwa buluu, na mkia ni njano tupu. Jambazi gani anajifunika vizuri hivyo!

Mtoto ndiye mgumu. Angalia karibu na mkia, mstari mweupe umefunga duara kamili. Ndugu yake, Pomacanthus semicirculatus, akiwa mdogo hufanana naye kupita kiasi, ila mistari yake ni pinde tu, haifungi. Na kwa kuwa hawabadiliki siku moja, ukikutana na kijana ambaye maduara yanafifia huku milia ya njano inachomoza, usidhani ni aina ya tatu.

Ule mlio uliosema ni kama mtu anabisha hodi, huenda ni yeye. Mkubwa akishtuka hugonga hivyo. Usijaribu kumshika tu, mwiba ule unachana.

Ukizama tena, mvizie kwenye sifongo, maana ndizo anazokula sana, na mpige picha ya ubavuni. Hii ya kutokea juu imenitesa macho.

Baba yako