Mbwa wako kazeeka, au ni tezi?

*Shikamoo daktari. Doberman wangu ana miaka 8. Ananenepa ingawa chakula ni kilekile, anashinda amelala, na mkia umenyonyoka kama wa panya. Jirani anasema ni uzee tu. (Moshi)*

Marahaba. Uzee haunyonyoi mkia. Mimi ningeanza kuishuku tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, ambayo homoni zake huamua mwili uende kasi gani. Kwa mbwa kawaida tezi hii huzembea: ama kinga ya mwili wenyewe imeishambulia, ama imenyauka taratibu. Doberman ni katika wanaoipata sana.

Mtazame vizuri. Manyoya ya ubavuni yamepungua sawasawa kulia na kushoto, wala hajikuni? Pale mkanda wa shingo unaposugua pamebaki uchi na peusi? Kope zimelegea hadi uso unaonekana wa msiba? Anahamahama kufuata jua, au anajibanza jikoni karibu na moto wakati wenzake wanatafuta kivuli?

Ukienda kupima, omba T4 (homoni ya tezi yenyewe) pamoja na TSH (homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi). T4 peke yake hudanganya, maana hushuka kwa mbwa mwenye maradhi mengine kabisa, hata kwa anayetumia prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio) au dawa ya kifafa. Akikutwa nayo na kuanza dawa ya homoni ya tezi, atachangamka ndani ya wiki moja au mbili. Manyoya ni ya miezi, na mwanzoni huweza kupukutika zaidi, kwa hiyo usivunjike moyo.

*Mbwa wangu amepimwa, tezi imelegea kweli. Mke wangu anatumia levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi. Nimgawie mbwa vidonge vyake?*

Dawa ni ileile, kipimo sicho. Mtu mzima hupewa takribani maikrogramu 1.6 kwa kilo, mara moja kwa siku. Mbwa huanzia kama 20 kwa kilo, mara mbili kwa siku, kwa kuwa tumbo lake hufyonza kidogo na mwili huitoa haraka. Mbwa wa kilo 30 angemaliza chupa ya mkeo kabla ya wiki kuisha! Tena mwenye moyo mbovu huanzishwa kwa kiasi kidogo zaidi. Mwache mama na dawa zake, daktari wako akuandikie za mbwa.

*Mbwa wetu wa kienyeji, miaka 7, amelegea, amekonda, hali chakula. Ni thairoidi?*

Sidhani. Mwenye tezi iliyozembea kwa kawaida hunenepa. Inua mdomo uone ufizi kama umepauka, kisha kagua masikio na katikati ya vidole utafute kupe. Magonjwa ya kupe hapa kwetu ni mengi kuliko ya tezi, na hayasubiri. Mpeleke leo.

*Tunampikia mbwa wetu mzee makoromeo ya ng'ombe kutoka buchani. Siku hizi hatulii, anahema, anakonda huku anakula sana.*

Swali zuri kuliko yote. Hapa nashuku kinyume chake: homoni ya tezi imezidi, mwili unakwenda kasi mno. Koromeo mara nyingi huja na tezi ya ng'ombe imeng'ang'ania, na kupika hakuiondoi homoni: mwaka 1984 na 1985 huko Minnesota, Marekani, watu waliugua kwa kula nyama ya kusaga iliyochanganywa na mabaki ya shingo ya ng'ombe yenye tezi. Acha makoromeo kwa wiki kadhaa, kisha apimwe damu. Ila leo hii mpapase shingo. Ukikuta uvimbe mgumu usingoje hizo wiki, kwani kwa mbwa uvimbe wa tezi unaoshikika mkononi mara nyingi ni saratani.